"Academy" Isiyotoza Karo

Mzazi aliyetoka Nakuru au Mwanza akiona neno "Academy" kwenye bango la shule huko Minnesota, hupita upande wa pili. Kwetu akademi ni karo, na karo ya shule ya binafsi tunaijua. Hapo ndipo dhana ya kwanza inapozaliwa, kwamba shule za chata ni za matajiri.

Kumbe ya kwanza kabisa Marekani, City Academy ya mjini St. Paul, ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana walioacha masomo, mwaka mmoja baada ya bunge la Minnesota kupitisha sheria yake. Haitozi karo. Chata ni mkataba tu: asasi isiyo ya faida inaruhusiwa kuendesha shule ya umma nje ya mikono ya wilaya ya shule, yaani mamlaka ya eneo inayoendesha shule za umma za kawaida, kwa masharti yaliyoandikwa, na fedha za jimbo zinawafuata watoto.

"Wanachukua watoto wenye akili tu." Minnesota hairuhusu mtihani wa kuingilia. Walioomba wakizidi nafasi, shule huendesha bahati nasibu, na ndugu wa wanafunzi waliopo hutangulizwa. Kwa hiyo kinachomwangusha mtoto mara nyingi ni mzazi aliyepitwa na tarehe ya mwisho ya maombi.

"Serikali inazipendelea kwa pesa." Dhana hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana kila upande una kipande chake cha ukweli. Katika mwaka wa masomo 2024–25, kiwango cha msingi cha jimbo kilikuwa dola 7,281 kwa kila mwanafunzi kwa hesabu ya jimbo, kilekile kwa shule ya wilaya na kwa ya chata. Mkenya ataifananisha na kapitesheni, fedha ambazo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi: watoto wakipungua, pesa nazo zinapungua. Tofauti inaanzia hapo. Wilaya ikipungukiwa inaweza kuwaendea wapiga kura na kuwaomba wakubali nyongeza ya kodi ya majengo. Shule ya chata haina mamlaka ya kutoza kodi yoyote. Wala hairuhusiwi kununua jengo kwa fedha za jimbo, hivyo inapanga, na ndiyo sababu usishangae kuikuta ndani ya jengo lililokuwa ghala au mali ya kanisa. Jimbo huichangia pango hadi asilimia 90, mradi isizidi dola 1,314 kwa kila mwanafunzi kwa hesabu ya jimbo.

Lakini wilaya nayo isisemwe inalia bure. Watoto 20 wakihamia chata, huenda wametoka madarasa 20 tofauti. Fedha zao zimeondoka, na bado huwezi kufunga hata darasa moja wala kusimamisha basi. Tena mtoto mwenye mahitaji maalumu akisoma chata, sehemu kubwa ya gharama ambayo ruzuku haikuifikia hupelekewa wilaya anakoishi, ingawa wilaya hiyo haikuamua lolote kuhusu matumizi yenyewe. Kwangu mimi hicho ndicho kifungu chenye kasoro katika sheria nzima.

"Sheria ni moja nchi nzima." Hapana, kila jimbo lenye shule hizi lina yake, na ushauri wa binamu aliye Kentucky usiufanyie kazi Minneapolis. Huko Kentucky sheria ilipitishwa mwaka 2017, kisha ikakwama kwenye fedha, na Novemba 2024 wapiga kura wakakataa kubadili katiba ili fedha za umma ziruhusiwe kwenda nje ya shule za kawaida. Katika jimbo la Washington, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ilisema shule ambazo bodi zake hazichaguliwi na wapiga kura hazistahili fedha zilizotengewa shule za kawaida. Mwaka uliofuata bunge likachukua fedha za bahati nasibu ya jimbo badala yake. Mtoto anaingia kwa bahati nasibu, na mshahara wa mwalimu unatoka kwenye bahati nasibu!

Sisi tuliosoma CRE na IRE, masomo ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu, katika shule za serikali huuliza pia kama chata inaweza kuwa ya dini. Jimbo la Oklahoma lilijaribu kuidhinisha moja ya Kikatoliki. Mahakama ya jimbo ikaizuia mwaka 2024, na Mei 2025 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakagawanyika wanne kwa wanne, hivyo zuio likabaki.

Na kuhusu "hakuna anayewakagua": Minnesota, mkataba hauzidi miaka mitano, na msimamizi wake, ambaye anaweza kuwa wilaya, chuo au asasi, anaweza kukataa kuuongeza kwa sababu ya matokeo mabaya au hesabu zisizoeleweka. Bodi lazima iwe na mwalimu wa shule hiyo, mzazi wa mwanafunzi, na mwanajamii asiye mzazi wala mwajiriwa. Vikao vyake ni vya wazi. Unaingia, unakaa nyuma, na bajeti inasomwa ukisikia.