Tsunami si mawimbi ya bamvua

Katika makundi ya soga husambazwa mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba, kwa kuwa Waingereza huita tsunami "tidal wave", yaani wimbi la maji kujaa na kupwa, basi tsunami huletwa na mwezi mpevu na watu wa pwani waikimbie bahari kila bamvua, yaani wakati maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Dai hilo si kweli.

Kujaa na kupwa kwa maji husababishwa na mvutano wa mwezi na jua, ndiyo maana nyakati zake hujulikana mapema na huchapishwa katika majedwali ambayo mabaharia hutumia. Tsunami haina jedwali, kwa sababu hutokana na maji kusukumwa ghafla, aghalabu na tetemeko lililoinua au kushusha sakafu ya bahari, au na maporomoko na volkeno. Jina lenyewe ni la Kijapani: "tsu" ni bandari, "nami" ni wimbi.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, kwani tsunami ya 26 Desemba 2004, iliyofika hadi Somalia, Kenya na Tanzania, iliangukia siku ya mwezi mpevu. Lakini ukitazama kalenda ya mwezi utaona kwamba ile ya Japani ya 11 Machi 2011 ilitokea mwezi ukikaribia nusu, wakati ambao wavuvi wetu huuita maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, kinyume cha bamvua.

Ukipokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.