Lori Likikosa Nguvu, Usianze na Pampu

Madereva wanaopita barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma huniuliza swali moja kila mara: "Mwalimu, gari lilikuwa zima kabisa, limefika mlima Kitonga limeishiwa nguvu. Tubadilishe nini?" Nami huwajibu kwamba bado hatujafika kwenye kubadilisha. Nguvu ziliisha ghafla au kidogo kidogo? Hata asubuhi gari likiwa baridi? Moshi ulikuwa wa rangi gani? Likipumzishwa, linarudi? Dereva aliyekaa na gari hilo siku tatu njiani ana majibu ambayo hakuna mashine itakayoyasoma. Inaniuma ninapoona anaambiwa akapumzike kivulini huku fundi ameshaanza kung'oa nozeli zinazopuliza dizeli kwenye injini.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka joto lake linapita nyuzi 500, kisha dizeli inapulizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo nguvu zikipungua, anza kujiuliza mambo matatu: hewa haitoshi, dizeli haitoshi, au kompresheni, yaani huo mbano wa hewa, imeshuka. Moshi ndio utakaokuonyesha pa kuanzia. Ukiwa mweusi lori linapopanda, dizeli inafika lakini hewa ni chache. Angalia filta ya hewa, halafu ile mipira mikubwa inayotoka kwenye tabo (inayosukuma hewa) kwenda intakula (inayoipoza) na kurudi kwenye injini. Mipira hiyo hupenda kupasuka upande wa chini, karibu na klipu, mahali ambapo macho hayafiki. Zima injini, iache ipoe, kisha upapase mpira wote kwa vidole. Ukikuta mstari mmoja wenye oili iliyoganda na vumbi, umeupata mpasuko.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishachemka, wenye harufu ya dizeli, ni dizeli isiyoungua. Ukiwa na harufu tamu na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, zima gari hapo hapo, maana maji yanaingia kwenye silinda.

Linalowaponza mafundi wengi ni lori lisilo na nguvu na lisilotoa moshi. Moshi utatoka wapi, wakati dizeli yenyewe haifiki? Hapo ndipo pampu ya dizeli hufunguliwa bila kosa lolote.

Tuliwahi kuletewa semi-trela yenye shida hiyo. Kutoka Dar mpaka Morogoro ilikuwa inakwenda vizuri, ikiingia Mikumi inaanza kulegea. Dereva akiegesha nusu saa, nguvu zinarudi, anatembea tena mwendo mrefu, kisha hali ni ile ile. Filta za dizeli zilikuwa zimebadilishwa mara mbili, pampu imepelekwa kupimwa, na tajiri alikuwa ameanza kumshuku dereva. Nilipanda naye. Gari lilipolegea nikamwomba aegeshe, nikashuka, nikafungua mfuniko wa tenki. Tenki likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, utingo aliyekuwa amesimama upande wa pili akaisikia. Tukaondoka mfuniko ukiwa umelegezwa na gari likapanda kama kawaida.

Tundu la kupitishia hewa kwenye ule mfuniko lilikuwa limezibwa na vumbi lililoshikana na dizeli. Dizeli inatoka, hewa haiingii kujaza nafasi yake, na pampu inazidi kunyonya kutoka kwenye tenki lililobanwa. Ukiegesha, hewa inapenya taratibu, basi unadhani gari limepona kwa kupoa. Tuliosha mfuniko kwa dizeli na brashi.

Kama tenki linapumua vizuri, shuku hewa kwenye njia ya kuvutia. Kati ya tenki na pampu dizeli haisukumwi, inavutwa. Mpira ukiwa na ufa mdogo hauvuji dizeli chini, unaingiza hewa ndani. Ndiyo maana ukitafuta tone huoni kitu. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya tenki na pampu, pale dizeli inapoingia kwenye pampu, washa injini, utazame. Mapovu yakipita mfululizo, sogea nyuma kiungo kwa kiungo mpaka yakome. Na kabla ya hayo yote fungua kizibo cha chini cha kitenganisha maji, umwage mpaka itoke dizeli tupu. Jambo hili ni la kila asubuhi, wala halihitaji fundi.

Kwenye malori ya kompyuta, hitilafu huonyeshwa kwa namba mbili, na watu husoma moja na kuisahau ya pili. Katika J1939, mfumo wa mawasiliano ya kompyuta za malori, namba ya kwanza, SPN, inataja kinachohusika. Ya pili, FMI, inataja kilivyoharibika. SPN 100 ni presha ya oili ya injini. Ikija na FMI 1, presha imeshuka mno, zima injini. Ikija na FMI 4, umeme wa sensa uko chini kuliko kawaida: kagua waya na sensa, na upime presha kwa geji kabla ya kuondoka. SPN 94 yenye FMI 1 inasema dizeli inayoletwa ina presha ndogo. Rudi kwenye filta, mipira na tenki kabla hujaigusa pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli.

Nawasihi vijana wa gereji: kipimo cha mapovu ni cha upande wa kuvuta tu. Baada ya pampu kubwa, injini nyingi za sasa zina presha inayozidi baa 1,600. Usitafute uvujaji wa huko kwa mkono, tumia kipande cha kadibodi, na usilegeze bomba kabla injini haijazimwa kwa dakika 10 au zaidi. Dizeli hiyo inatoboa ngozi hata kupitia glavu. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, huenda lisiume saa ya kwanza, huku dizeli inasambaa ndani ya nyama, na watu wamekatwa vidole kwa sababu hiyo. Likitokea, mpeleke mwenzako hospitali muda huo huo, na umwambie daktari ni dizeli iliyoingia kwa presha, asije akalisafisha kama kidonda cha kawaida na kumrudisha nyumbani.