Shangazi wa gazetini alianza akiwa wanaume watatu

Dhana: safu za "niulize nikujibu" zililetwa na magazeti ya karne ya 20.

Ukweli: Machi 1691, muuza vitabu wa London, John Dunton, alitoa Athenian Mercury, karatasi moja iliyochapwa mbele na nyuma. Kazi yake ilikuwa kujibu maswali ya wasomaji. Barua ziliachwa kwenye mkahawa wa kahawa wa Smith, na mwulizaji hakudaiwa jina. Kwa hiyo wanaodhani kuuliza mambo ya aibu kwa kujificha kumeletwa na intaneti wamechelewa miaka 300 na ushee.

Dhana: majibu yalitoka kwa jopo kubwa la mabingwa.

Hii aliieneza Dunton mwenyewe, tena kwa makusudi. Jopo hilo, aliloliita "Jumuiya ya Waathene", lilikuwa yeye, Richard Sault wa hisabati, na kasisi Samuel Wesley. Mwanafalsafa John Norris aliwasaidia pembeni. Dunton na Wesley walikuwa wanyumba, wameoa ndugu wawili wa tumbo moja. (Wamethodisti wa Meru na Pwani wanalijua jina hilo: huyu ndiye baba yake John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti.) Uongo ulinoga hadi kijana mmoja, Jonathan Swift, akawatungia wakubwa hao shairi la sifa. Lilitoka 1692, na ndilo shairi lake la kwanza kuchapishwa. Mwandishi aliyekuja kuogopwa kwa kejeli zake aliingia mjini kwa kuingizwa mjini.

Dhana: waliuliza mapenzi tu.

Hapana. Roho, hisabati, wadudu, ndoa, vyote viliwekwa chungu kimoja. Mtu aliuliza kama ni halali mume kumpiga mkewe. Mwingine akataka kujua habari za mbinguni. Mimi napenda mchanganyiko huo kuliko safu za leo zilizogawanywa afya huku, mahusiano kule.

Dhana: wanawake hawakuwamo.

Walikuwamo mapema, hata Dunton akawatengea toleo la Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Mwaka 1693 likazuka Ladies' Mercury, la kwao peke yao, likafa baada ya matoleo manne. Athenian Mercury lenyewe lilidumu hadi 1697, na 1704 mwandishi Daniel Defoe naye akawa anajibu barua za wasomaji katika gazeti lake, Review.