Itifaki ni mapatano, si amri

"Mjomba, itifaki yangu imekufa."

Ndivyo mpwa wangu alivyoanza, hata salamu hazijaisha. Kila siku saa nne kamili usiku, kompyuta ndogo iliyopo sebuleni kwao huiambia televisheni ijizime ili wadogo zake wakalale. Jana yake televisheni ilizimika. Usiku ule ikaendelea kuwaka na watoto wakaendelea kukodoa macho. Nikamwuliza itifaki gani hiyo. "Hii niliyoiandika mwenyewe, mistari kumi na miwili."

Sikumkatiza, lakini neno lilinichoma. Wala si yeye peke yake. Wapo mafundi wazoefu na wapo wanaofundisha wengine, na wote nimewasikia wakiita itifaki kila kinachofanya kifaa kitii. Amri ni itifaki, skripti ni itifaki, hata ile programu ya rimoti kwenye simu nayo ni itifaki. Neno likishabeba kila kitu, siku mambo yakiharibika halikusaidii kujua pa kuanzia.

Itifaki, kwenye kompyuta, ni mapatano kuhusu namna vifaa viwili vitakavyosemezana: nani anaanza, ujumbe una umbo gani, unapelekwa mlango gani (yaani namba ambayo kifaa kinapokelea ujumbe), na jibu linarudi vipi. Skripti ni maagizo uliyoyaandika ili kompyuta iyatekeleze kwa mpangilio hata wewe ukiwa umelala. Amri ni ujumbe mmoja mmoja ambao skripti inautuma, na itifaki ndiyo inayofanya ujumbe huo ueleweke upande wa pili. Maana yenyewe ni hiyo, haina mzunguko.

Kinachonisikitisha ni kwamba sisi tunaosema Kiswahili tulikuwa na kila sababu ya kutokosea hapa. Neno itifaki limetoka katika Kiarabu, ittifaq, na huko maana yake ni mapatano. Mzizi wake ndio uliotupa kuafiki, kuafikiana, muafaka, na hata taufiki. Yatamke kwa mfuatano na utasikia udugu wake: afiki, muafaka, itifaki. Watu wawili wakiafikiana wamefikia muafaka, na walichokubaliana ndicho itifaki. Huwezi kuafikiana peke yako. Anayesema "nimeandika itifaki ya kuzima televisheni" anasema, kwa maana ya neno lenyewe, kwamba amepatana na televisheni jana usiku.

Nadhani najua tulipopotelea. Wengi wetu neno hili tulilisikia kwanza kwenye hotuba, pale msemaji anapotaka kuruka orodha ndefu ya vyeo na majina, akasema "itifaki imezingatiwa" kisha akaendelea na lake. Matumizi hayo ni sahihi kabisa. Yametoka kwenye diplomasia, ambako itifaki ni taratibu ambazo pande zote zimezikubali ili pasiwe na wa kudharauliwa. Ila ukilisikia miaka mingi kwenye sherehe tu, unaanza kuliona kama utaratibu ulioshuka kutoka juu, jambo la kutii. Kutoka hapo hadi kuliita amri ni hatua moja.

Lugha za Ulaya zimefika mahali hapo hapo kwa njia nyingine kabisa. Wao wanatumia neno protocol na ndugu zake, lenye asili ya Kigiriki, protokollon, lililoundwa na protos, yaani ya kwanza, na kolla, yaani gundi. Lilikuwa jina la karatasi ya kwanza iliyogundishwa mwanzoni mwa gombo la mafunjo, yenye maelezo kuhusu gombo lenyewe. Kwa karne nyingi likahama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kumbukumbu rasmi, kisha mikataba, kisha adabu za mabalozi. Mwaka 1967 Roger Scantlebury na Keith Bartlett, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, waliliweka kwenye waraka wao kuhusu mtandao wa kupitishia data. Baadaye waliojenga ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, huko Marekani nao wakalitumia, na sasa limo katika kila kifaa chenye Wi-Fi. Mwingereza akilitamka neno lake anabeba gundi na karatasi. Sisi tunabeba mapatano yenyewe, maana tupu isiyohitaji kusimuliwa historia. Ndiyo maana naumia tukiitupa.

Turudi sebuleni. Televisheni ya mpwa wangu ina mfumo wa Roku ndani yake. (Roku ni sita kwa Kijapani, mwanzilishi wake, Anthony Wood, alikuwa anaanzisha kampuni ya sita.) Kampuni hiyo imechapisha waziwazi itifaki ya kuviongoza vifaa vyake kutoka nje, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Inasema hivi kwa ufupi: kifaa kitasikiliza kwenye mlango namba 8060, kitapokea ujumbe wa HTTP (itifaki ile ile inayoleta kurasa za wavuti), na ukitaka kubonyeza kitufe utatuma ombi la aina ya POST kwenye njia inayoanza na keypress, ikifuatiwa na jina la kitufe. Hivyo, kama kifaa kina anwani 192.168.1.23, mstari huu unairudisha skrini kwenye ukurasa wa mwanzo:

curl -d "" http://192.168.1.23:8060/keypress/Home

Uuangalie kwa karibu, kwa sababu mtumaji, amri na itifaki vyote vimo ndani ya mstari mmoja. curl ni programu inayotuma. Home ndiyo amri. Namba 8060, neno keypress na aina ya ombi ni itifaki; hayo hukuyachagua wewe. Ile -d yenye alama za kunukuu zisizo na kitu ndani inaonekana kama uchafu uliosahauliwa, na ndiyo watu wanayoifuta kwanza. Kazi yake ni kuifanya curl itume POST yenye mzigo mtupu. Ukiifuta, curl inatuma GET, ambalo ni ombi la kusoma, na kitufe hakibonyezwi. Ni sababu hiyo hiyo ukiandika anwani ya keypress kwenye kivinjari hakuna kinachotokea, wakati ukiandika query/device-info unapata maelezo ya kifaa: kivinjari hutuma GET, na mapatano yanasema kuuliza ni GET, kubonyeza ni POST. Hapo ndipo ungekuwa na haki ya kusema kwamba itifaki haikufuatwa.

Mapatano hayo yana vipengele vingi kuliko watu wanavyodhani. Kufungua programu ni launch ikifuatiwa na namba yake. Netflix ni 12, na query/apps itakutajia namba za programu zote ulizoweka. Kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia ni herufi moja moja, kila moja ikitanguliwa na Lit_, kwa hiyo neno lenye herufi nane ni maombi manane. Kuzima televisheni ni PowerOff. Kukishikilia kitufe bila kukiachia kuna keydown, na kukiachia ni keyup. Ukisahau ya pili, kifaa kinaamini kidole chako bado kipo.

Lakini kuna mambo ambayo mapatano hayakuahidi, na hapa ndipo skripti inapobeba lawama zake yenyewe. Kifaa kikijibu 200, kinasema ombi limepokelewa. Hakisemi ukurasa umeshajichora. Skripti yenye pupa hutuma Home, kisha Down, kisha Select ndani ya kufumba na kufumbua, na Select ikaangukia kwenye kitu kilichokuwa bado hakijasogea. Mwandishi akiona programu isiyo yake imefunguka anasema itifaki ina matatizo. Haina. Ni yeye ambaye hakuweka pumziko la sekunde moja au mbili kati ya amri na amri.

Kwa mpwa wangu tatizo halikuwa hilo pia. Nilimwambia asiiguse skripti kwanza, aende kwenye mipangilio ya mtandao ya televisheni aisome anwani. Akasoma: 192.168.1.31. Skripti ilikuwa inaongea na 23. Mchana umeme ulikatika, ruta ikawaka upya, ikagawa anwani upya, televisheni ikapewa nyingine. Mapatano yalikuwa mazima, mlango 8060 ulikuwa wazi, PowerOff ilikuwa bado ni PowerOff. Kijana alikuwa ameshaanza kuziandika upya amri zake zote, kwa sababu alichoamini kimekufa ni "itifaki", na itifaki kwake ni zile amri. Jina lilimpeleka kwenye kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Dawa ya hapo ni mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni kuiambia ruta iitengee televisheni anwani moja isiyobadilika. Ya pili naipenda zaidi: skripti isiikariri anwani kabisa, ila kila inapoanza iite kwanza. Ipo itifaki nyingine ya kazi hiyo, SSDP. Unatuma ujumbe kwenye anwani ya pamoja 239.255.255.250, mlango 1900, ukitaja kwamba unatafuta roku:ecp, na kila kifaa cha aina hiyo kilichopo kwenye mtandao kinaitika na kutaja kilipo. Ni kama kupiga hodi uani badala ya kubisha mlango mmoja uliouzoea.

Kuna neno la pili linaloandamana na kosa hili: kudukua. Mtu akiona televisheni inazimika bila rimoti anasema "ameidukua". Hapana. Mwenye kudukua anaingia asikoruhusiwa. Skripti hii inapita mlango ambao mtengenezaji ameufungua na kuueleza kwa maandishi. Kilicho kweli, na ningependa watu wakishikilie zaidi ya hilo neno, ni kwamba mapatano ya Roku hayaulizi wewe ni nani. Hayana nywila. Udhibiti wa kutoka nje ukiwa umeruhusiwa kwenye kifaa, yeyote aliye kwenye Wi-Fi ile ile anaweza kubonyeza vitufe, na mwenye kifaa amebakiziwa mpangilio wa kuubana au kuufunga udhibiti wa namna hiyo. Akiufunga, amri zako zitakataliwa, na hapo pia hakuna kilichokufa: upande mmoja umejitoa kwenye mapatano, na una haki hiyo.

Mapatano mengine yana kipengele cha kujitambulisha. Apple TV inakuonyesha namba kwenye skrini uiandike kwenye kompyuta kwanza. Vifaa vya Android TV na Fire TV watu huviongoza kwa ADB, na mara ya kwanza kifaa huuliza kwenye skrini kama unairuhusu kompyuta hiyo. Ukikubali, input keyevent 3 ni kitufe cha mwanzo na 26 ni cha kuwasha na kuzima. Ila ADB haikutungwa kuwa rimoti. Ilitungwa kwa waandishi wa programu wanaosaka makosa, ndiyo maana inakupa kifaa karibu chote, si vitufe tu. Mwanzoni mwa 2018 programu hasidi ya kuchimba sarafu za kidijitali ilisambaa kwenye vifaa vya Android, vikiwemo vya televisheni, kupitia mlango 5555 wa ADB ulioachwa wazi kwa intaneti. Anayeziita hizi zote "itifaki za rimoti" hawezi kuona kwa nini moja unaweza kuiacha wazi ndani ya nyumba na nyingine uifunge ukishamaliza.

Mpwa wangu alichagua njia ya kuita kwanza. Skripti yake sasa ina mistari kumi na tisa, na kesho yake saa nne usiku televisheni ilizimika, wadogo zake wakalalamika hadi kitandani. Nilimwomba kitu kimoja tu: akimweleza mwenzake, aseme "nimeandika skripti inayofuata itifaki ya Roku". Akaniambia, "Mjomba, hiyo ni ndefu mno." Ni ndefu kweli. Basi aseme skripti, inatosha.