Kwa nini VJ, yule mtafsiri wa filamu kibandani, tunamcheka lakini voisi ya WhatsApp tunaiamini?

Jioni moja hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye steji ya boda, jamaa alituchezea voisi, mama fulani analia eti mpaka unafungwa saa sita usiku, mwenye mzigo avushe sasa hivi. Hakuna aliyeuliza huyo mama ni nani, yuko mpaka gani, au hiyo voisi ni ya lini. Wawili waliwasha pikipiki hapo hapo. Asubuhi mpaka uko wazi, malori yamepanga foleni kama siku zote.

Sasa hao hao wiki ileile nilikuwa nao kwenye kibanda cha video. Kama hujawahi kuingia: benchi za mbao, joto la kufa mtu, na VJ na maiki yake anatafsiri filamu ya Marekani kwa Luganda, zile wanaita enjogerere. Akina VJ Jingo ndio walipata jina kwa kazi hiyo. Na VJ hatafsiri tu, anatia chumvi, jambazi anapewa jina la mtaani, gari linakimbia New York yeye anakwambia linaelekea soko la Owino, Kampala. Watu wanajua! Wa nyuma anapiga kelele "muongo huyo!", mwenye Kiingereza kidogo anasahihisha, kibanda kizima kinacheka.

Kwa hiyo akili ya kuchambua tunayo, mi sikubali wanaosema watu wamekuwa wajinga. Ila kibandani tuko wengi na simu unaisikiliza peke yako. Wakubwa mnakumbuka ebimeeza, ile mijadala ya redio iliyoanza Kampala mwaka 2000, watu wamekaa baa wanabishana laivu, ile ya CBS, redio ya Waganda, ilikuwa inaitwa Mambo Bado. Walipayuka pia, tusidanganyane, lakini ukirusha uongo kuna mtu anangoja maiki akujibu. Serikali ikazipiga marufuku Septemba 2009 baada ya zile ghasia za safari ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ya kwenda Kayunga.

Halafu VJ si ndugu yako. Voisi imeletwa na shangazi, na kumuuliza shangazi "umeitoa wapi" ni kama kumwita muongo mbele ya ukoo, nani anataka hiyo kesi? Kuhakikisha nako ni pesa, mtu ana bando ndogo ya WhatsApp tu, hiyo tovuti ya kuangalia ukweli ataifungua na nini. WhatsApp wenyewe walijaribu, Aprili 2020 wakaweka kwamba ujumbe uliokwisha zungushwa sana unautuma kwa chati moja moja, na kabla ya hapo walishauwekea mishale miwili ya kuonyesha umezunguka sana. Hiyo mishale ni ya kukustua, lakini kwenye steji yetu watu wanaisoma kinyume: imezunguka hivyo, basi ni kweli.

Na hapo ndipo penyewe. Mwaka 1977 Lynn Hasher na wenzake wawili Marekani waliwapa wanafunzi sentensi 60, za kweli na za uongo, wapime kila moja inaaminika kiasi gani. Walifanya hivyo raundi tatu, kila baada ya wiki mbili, sentensi nyingine mpya, nyingine zilezile. Zile zilizorudiwa zikazidi kuaminika kila raundi, hata za uongo. Ubongo ukikisikia kitu mara ya pili unakishika kirahisi, na huo urahisi unauchukua kama ukweli.

Juzi yule mama karudi, voisi ileile, grupu nyingine. Nikamwambia jamaa wa steji, wee, si hii ndiyo ile ya siku ile? Akaniangalia kama mimi ndiye sielewi.

"Ndiyo hiyo hiyo bwana. Si unaona hata mwanzo walisema?"