Uzembe wa mchimbaji haufuti fidia yake

Kwa miaka mingi imesadikiwa migodini kwamba mchimbaji aliyeumia kwa uzembe wake mwenyewe hana haki ya kulipwa fidia. Imani hiyo si sahihi, tena inaumiza, kwa kuwa wapo wanaoacha kabisa kudai kwa sababu tu siku ya ajali hawakuvaa kofia ngumu.

Mfumo wa fidia kwa wafanyakazi, ulioanza Ujerumani mwaka 1884 na kufuatwa na Uingereza kwa sheria ya mwaka 1897 iliyotaja migodi waziwazi, haumlazimishi mfanyakazi kuthibitisha kosa la mwajiri. Kinachobishaniwa kwa kawaida ni jambo jingine: iwapo jeraha limetokana na kazi na limetokea kazini. Mwamba ukimwangukia mtu chini ya ardhi mbele ya wenzake, ubishi huwa mdogo. Lakini mgongo ulioharibika polepole, au mapafu yaliyodhurika kwa vumbi la silika (madini yaliyomo ndani ya miamba) ambalo athari zake huweza kuonekana miaka mingi baadaye, humpa mwajiri nafasi ya kusema kwamba maradhi yalikuwapo kabla ya ajira. Hapo taarifa iliyotolewa mapema, kumbukumbu za zahanati ya mgodi na maelezo ya daktari huwa na uzito kuliko swali la nani alikosea.

Ni kweli kwamba ulevi au kujiumiza kwa kusudi huweza kuzuia malipo katika sheria nyingi. Hata hivyo, kusahau, kuchoka au kuteleza hakuhesabiwi kuwa kusudi.