Dagaa sio dagaa tu: majina ya samaki wa maji baridi yanavyotuchanganya

Swali ambalo sisi watu wa utafiti wa samaki tunaulizwa kila siku ni hili, "mtaalamu, dagaa wa Kigoma na wa Mwanza si wale wale tu, wanapishana bei?" Jamani hapana. Yani sio wale wale na ata undugu wa karibu hawana. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamii ya sadini, hao hao ndugu zao wako baharini, na mle ziwani wapo wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa. Dagaa wa Ziwa Victoria anaitwa Rastrineobola, huyu yuko upande wa kina ningu na kuyu, yani jamii ya kapi (carp). Ukienda Kyela ukala usipa wa Ziwa Nyasa, naye yuko upande huo huo wa kina ningu lakini ni samaki mwingine tena.

Huniamini? Chukua dagaa mbichi wa Kigoma, mpitishe kidole tumboni taratibu kutoka mkiani kwenda kichwani, utasikia vimeno vinakwaruza kama msumeno mdogo. Wa Victoria tumbo lake laini, alafu akiwa bado mbichi mkia wake una unjano unjano. Wakishakaushwa ndo kazi inakuwa ngumu, pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nimeona ata wafanyabiashara wazoefu wanabishana.

Na huyo Limnothrissa katembea kweli kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitolewa Tanganyika akapandikizwa Ziwa Kivu, watu wa Goma na Bukavu wanamwita sambaza, miaka ya 1960 akapelekwa bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na kule ni kapenta. Samaki mmoja, majina kibao. Ziwa Victoria lenyewe liko hivyo hivyo, ukivuka mpaka tu dagaa anakuwa omena Kenya na mukene Uganda, sangara anakuwa mbuta huku na mputa kule, kwaiyo mtu akikwambia samaki fulani "kwetu hayupo" muulize kwanza kwao wanamwitaje.

Sangara nae ana mambo. Wa Victoria sio mwenyeji, aliletwa miaka ya 1950, akakaa kimya kimya weee, ilipofika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima na furu wakaisha mbele ya macho yetu. Furu ni vile visamaki vidogo ambavyo wazee walivila sana, na ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500, nyingi leo hazionekani tena, ingawa sio sangara peke yake wa kulaumiwa maana maji nayo yalichafuka. Sasa Tanganyika wao wana sangara wao wa asili, tena aina nne, na mmojawapo ni mgebuka. Ndio, huyo huyo mgebuka mwembamba ni ndugu wa damu wa sangara, watu wengi nikiwaambia wanacheka.

Lakini jina linalonikosesha usingizi mimi ni sato. Siku hizi kila samaki bapa mwenye miiba mgongoni anaitwa sato, wakati sato halisi (Oreochromis niloticus) kwa Victoria ni mgeni, nae aliletwa miaka hiyo hiyo ya 1950. Mwenyeji alikuwa ngege, samaki mtamu sana kwa wanaomkumbuka, kwenye ziwa kubwa amekuwa adimu mno na amebaki kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya, na kwenye baadhi ya mabwawa alikopandikizwa. Mto Rufiji nako kuna perege wao wa asili. Namna ya kuwatofautisha ni mkia: utandaze mkia wa sato kwa vidole uuangalie kwenye mwanga, utaona mistari myeusi ya kusimama imepangana vizuri kuanzia mwanzo wa mkia mpaka mwisho. Ngege na perege wa Rufiji hawana mistari iliyopangana ivo.

Kwanini nakomaa na mkia? Kwa sababu watu wanafuga sato kwenye mabwawa kando ya mito, mvua kubwa ikipiga bwawa linapasuka, vifaranga wanaingia mtoni, na sato hana ubaguzi, anazaliana na perege wa pale wanapatikana machotara. Baada ya miaka kadhaa perege halisi humpati tena na hakuna aliyegundua maana wote mnawaita sato.

Mito yenyewe tunaisahau sana. Ningu anakaa Ziwa Victoria ila msimu wa mvua anapanda mito kama Kagera na Mara kwenda kuzaa, na mbasa wa Ziwa Nyasa anafanya hivo hivo kwenye Mto Ruhuhu. Sasa mtu anakuja anatega nyavu mdomoni mwa mto kipindi hicho, anashika mama na mayai yake yote, mwaka unaofuata analalamika samaki wamekimbia!

Kamongo (wengine mnamwita kambale mamba) simsemi sana leo, ila jueni ana mapafu, na akinaswa kwenye wavu akashindwa kupanda juu kuvuta hewa anakufa maji, samaki kufa maji.

Kama unafuga, weka wavu kwenye bomba la kutolea maji na inua kingo za bwawa kabla ya masika. Na kama unavua mtoni, mbali na bwawa lolote, ukampata mwenye mistari ile mkiani, mtandaze kwenye jani, piga picha mkia ukiwa wazi, andika jina la mto na tarehe, mpelekee afisa uvuvi wa wilaya yako. Samaki mwenyewe kamle tu.